Kwa Shemeji Aliyekosekana kwenye Picha za Harusi Yake

Mpendwa shemeji Kiprono,

Kwa majonzi makubwa, na kwa niaba ya ndugu, jamaa, marafiki na ng'ombe wawili wa dada yangu, ninatangaza kifo cha flashi yangu. Iliaga dunia Jumapili baada ya ibada, ikiwa mikononi mwangu, baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa wa betri kuvuja. Imeacha kamera moja mjane. Mazishi yamefanyika kwenye droo ya kabati, karibu na miwani yangu iliyovunjika. Tafadhali, maua hayahitajiki.

Najua ungecheka. Tangu ututangulie sijapata mtu mwingine wa kumpa habari za kipuuzi kama hizi. Na flashi hiyo wewe uliijua kuliko wote, maana ndiyo iliyokufuta kwenye harusi yako.

Unakumbuka mvua ile? Mvua ya Kericho haiombi ruhusa. Tulikuwa tumepanga picha zote zipigwe nje, kwenye majani chai yaliyolala kama zulia, lakini ilianza pasta alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, ikaendelea mpaka birika la mwisho likaisha. Basi nikapigia zote ndani ya kanisa, kwenye giza la madirisha madogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye kamera ya mtumba na koti la mifuko mingi, na kwa maoni yangu hakukuwa na mpiga picha mwingine kati ya Londiani na Bomet. Flashi ikilipuka, watoto wanapiga makofi. Mwishowe nikawa nainama kidogo, kama mtu anayeshukuru.

Ulikuwa umeniomba kitu kimoja tu. Mama yako, kule Londiani, miguu ilikuwa imemkatalia na hakuweza kuja. Ulinishika mkono mlangoni ukasema, "Shemeji, hata hizo zingine zikiharibika, moja tu initoke vizuri. Mama anataka kuona kitinda mimba wake akiwa bwana harusi."

Nikakupiga begani. "Wewe tabasamu tu. Hiyo ingine niachie mimi."

Picha ziliporudi kutoka studio tulizimwaga mezani. Chebet, dada yangu, aling'aa katika kila moja: shela, maua, meno yote. Na kando yake, pale ulipokuwa umesimama wewe, palikuwa na weusi mtupu, umenyooka kama pazia. Kwa kuwa bibi na bwana harusi husimama vilevile, giza nalo lilikumeza vilevile, picha baada ya picha. Katika moja tu mkono wako ulichomoza gizani umeshika wa Chebet.

Shangazi yetu aliinua moja akaisogeza karibu na dirisha. "Chebet, kwani uliolewa na nani? Na usiku?" Halafu akashusha sauti mpaka ile ambayo kila mtu huisikia. "Hii ni ishara, watoto. Mimi nimesema na nimenyamaza."

"Shemeji," ukaniambia, "nambie ukweli. Mimi nilikuwa harusini?"

Nikasema ni mtindo mpya.

"Mtindo wa wapi?" Chebet akauliza.

"Wa... Ulaya huko."

Walicheka. Wewe hukucheka sana. Uliendelea kuzipitia picha moja moja, kama mtu anayechambua maharagwe, ukitafuta moja ya kupeleka Londiani. Hapo ndipo utani uliponikauka mdomoni.

Jumamosi iliyofuata ulikuja kwangu na tukaifanyia kamera upasuaji. Nilifungua mgongo wake, nikatoa filamu, nikaelekeza flashi ukutani. Wewe ukaweka jicho pale filamu inapokaa.

"Piga," ukasema. Nikapiga.

"Naona kadirisha ka mwanga. Lakini nusu imefungwa."

"Nusu gani?"

"Ile mlinipea mimi!"

Nikazungusha kile kigurudumu cha kasi, nikashuka namba moja. "Imebaki kipande," ukasema. Nikashuka tena. "Shemeji! Iko wazi yote!"

Ndipo tukaelewa. Ndani ya kamera ile kulikuwa na mapazia mawili ya kitambaa: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Ukiweka kasi kubwa, la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, na flashi, ambayo ni kufumba na kufumbua, inayakuta katikati ya safari. Dawa yake ni kupunguza kasi ili mapazia yapishane kwa adabu. Walioitengeneza walijua, namba ya flashi waliipaka rangi nyekundu kabisa. Nilikuwa nimeiona tangu siku niliponunua. Nilidhani nyekundu ni ya hatari, nikaiepuka kama moto.

"Na wewe ni mwalimu?" ukaniuliza.

"Wa hesabu. Si wa rangi."

Tukaamua kurudia harusi. Suti ya kuazima ilisharudi kwa binamu yako kule Mulot, kwa hivyo pasta akatuazima koti na tai. Suruali yake ilikukatalia kiunoni. Ulikuja umetoka kukamua ng'ombe: koti la pasta juu, suruali ya kazi na gumbuti, zile buti za mpira, chini. Chebet alivaa gauni lake na kulishikilia lisiguse umande. Shangazi alibeba maua ya plastiki, akisema yeye hayumo.

Ukungu ulikuwa umelala kwenye chai. Nilipopiga ya kwanza, ukungu wote uliwaka mweupe ukanirudia machoni, kana kwamba nimerushiwa unga. Tukangoja ukungu upande kilimani. Kisha nikafunga leso ya shangazi juu ya flashi ili isiwaunguze nyuso, nikawapiga kuanzia magotini kwenda juu.

Hiyo ndiyo picha iliyo ukutani kwa Chebet mpaka leo. Kila mgeni nimemweleza jinsi mwanga ulivyotulia usoni, na jinsi mama yako alivyolia machozi kwa ufundi wangu. Wewe ulikuwa ukinisikiliza, unakunywa chai yako, hunisahihishi. Nakushukuru kwa hilo.

Chebet hajambo. Ameanza tena kukubali kupigwa picha. Juzi mjukuu wenu aliuliza mbona babu hana miguu, na sasa flashi imekufa na haiwezi kutoa ushahidi, acha niseme ilivyokuwa.

Tulipomaliza, Chebet alitazama chini akaona gumbuti zako, akacheka mpaka shela ikateleza. Nilirudi nyuma nipate kucheka vizuri, kisigino kikagonga kisiki cha mchai, nikaketi pwaa kwenye majani, na kidole kikabonyeza. Picha hiyo ilitoka nzima, utosi hadi unyayo. Umeinama kwa kicheko, umemshika Chebet asianguke, na flashi imewaka kwenye gumbuti zako zilizolowa umande kama taa mbili.

Kule Londiani mama yako aliipokea ile ya magotini, akaitazama kwa heshima. "Amevaa vizuri," akasema. "Ni nani?"

Sisi wawili tukatazamana. Halafu ile nyingine ikateleza kutoka kwenye bahasha. Akaiokota, akaweka kidole juu ya gumbuti.

"Eeh. Huyu sasa ni Kiprono wangu. Ameoa, na amekumbuka kukamua."

Akataka itundikwe pale atakapoiona akiwa amelala. Mama hakulia hata kidogo, alicheka. Aliyelia ni wewe, shemeji, umegeukia dirishani, nami nikajifanya nachunguza maziwa ya mursik kwenye kikombe changu.

Lala salama, na usisogee.

Mimi shemeji yako,
yule aliyeketi kwenye majani