Uso wa Malkia

Baba Watoto,

Chakula nimekufunikia jikoni. Jaza ndoo kabla maji hayajakatika.

Asubuhi umemfokea binti yetu mpaka akaenda shule bila chai, eti kafagia na kutupa uso wa malkia, kipande cha ile picha ya mbao ya kupanga vipande, mojawapo ya hizo zenye matukio ya tamthilia za kale unazokusanya. Ukapekua hadi pipa la taka!

Nimechukua koti lako nilifue, kipande hicho hapo mfukoni. Si ni kawaida yako kuficha kimoja, ili kila picha uimalizie wewe? Safari hii umesahau.

~~Nimekirudisha mezani.~~ Hapana, nampelekea yeye. Ukikitaka, kamwombe. Anza na samahani.

Mama yake