Kwa Yaya Melani, Aliyekausha Maua kwa Mchanga wa Moto

Mpendwa yaya Melani, dada yangu mkubwa,

Mama ndiye atakayekuletea karatasi hii, maana ndiye atakayekuja kukupokea katika kambi ya wagonjwa. Mimi sitakuja. Nilijaribu kuanza kwa habari njema nikashindwa, kwa hiyo nimeanza na hii, usije ukanitafuta kwa macho kwenye kivuko cha kambi ukidhani nimechelewa tu.

Tangu ulipoondoka naikumbuka karakana ya masere, wale watawa wa misheni, kuliko nyumba yetu. Labda ni kwa sababu papa alichoma kila kitu chako uani, godoro, vikwembe vya kuvaa, hata kitana, na hapa nyumbani hapana kilichobaki cha kuangalia. Lakini karakana naiona yote: meza ndefu, madirisha ya upande wa mto, kelele ya maporomoko ambayo wageni huilalamikia nasi hatuisikii. Naviona vile vioo vilivyotoka Ulaya, vya mviringo juu, vizito kama mawe ya mtoni, na kila kimoja kina shimo dogo chini. Ninyi wanawake mlilaza maua makavu ndani ya lile shimo, mkayafunika kwa mahameli nyeusi, mkaziba kwa nta. Masere waliviita prespapie. Vilipelekwa Makiso, katikati ya mji, kwenye ofisi za wazungu, kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni.

Nilikuwa nikitoka shuleni nakuja kukaa kando yako na kitabu changu. Mama Koleta, mwenzako wa meza, hakuacha kunitania hata siku moja.

"Huyu mutoto atamaliza macho," alisema. "Ataolewa na kitabu. Melani, shemeji yako itakuwa dictionnaire."

Ulicheka bila kuinua kichwa, kibano mkononi, ukigeuza ua dogo la zambarau mpaka likae sawa. Kisha uliweka jani moja jembamba la nyasi kando yake, limegeuzwa mgongo. Wengine hawakufanya hivyo. Nilipokuuliza sababu ulisema, "Ua moja peke yake chini ya kioo iko sawa maiti. Umuwekee mwenzake." Nililifikiria jambo hilo usiku na mchana, nawe pengine ulikwisha kulisahau kabla hatujafika nyumbani.

Nakumbuka na namna mlivyopima moto. Mchanga wa mto mliuosha, mkaupasha katika sufuria pana, na kipimo kilikuwa Salamu Maria. Mtu alitia mkono mchangani akaomba polepole. Akifika Amina bila kuutoa, mchanga uko tayari kupokea maua. Ukimshinda kabla ya hapo, unangojwa upoe. Mimi sikuwahi kujaribu, niliogopa kukatisha sala.

Siku ile maua yako yalitoka meusi.

"Melani, unakausha maua ao unachoma makaa?" Mama Koleta akasema, na meza nzima ikacheka, nawe ukacheka nao. Ulipasha mchanga mwingine, ukatia mkono, ukaomba kwa sauti yako ile ya utulivu mpaka Amina. Ndipo masere wa karakana akaja kuupima yeye mwenyewe. Aliutoa mkono wake kabla hajamaliza jina la Maria. Akaangalia vidole vyake vyekundu, halafu vyako, ambavyo tayari vilikuwa vinafanya malengelenge.

"Nimefanya nini?" ukauliza.

Mama Koleta alivuta kigoda chake nyuma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Infirmier, yule muuguzi, alikuchoma sindano vidoleni ukiwa umefumba macho, nawe ukamwuliza ataanza lini. Lile doa la mgongoni, tulilodhani ni la jua, likapata jina, nawe ukapelekwa kambini. Mama hajalitamka neno ukoma mpaka leo. Husema "ile".

Sasa nikuambie yaliyotokea. Jumapili, baada ya misa, infirmier wa kambi yenu alisimama uani kwetu na kofia mkononi. "Dawa imemaliza kazi," akasema. "Vidole vya kuume havitasikia tena kitu, lakini Melani hawezi kuambukiza mutu. Mukuje mumuchukue." Mama alikaa chini pale pale, mchangani. Papa alishukuru, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi.

"Bon," akasema. "Na majirani?"

Kesho yake mkuu wa shule yetu aliniita. Sijui nani alimpasha habari. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba wazazi wa wenzangu hawatakubali. Ukirudi kuishi nasi, mimi sitarudi darasani. "Na unakaribia cheti, mwanangu." Nilikuwa nimeinamisha macho kama kawaida yangu, kwa hiyo nikaiona mezani: prespapie yenye ua la zambarau na jani la nyasi lililogeuzwa mgongo. Aliichukua akaizungusha kiganjani. Kulikuwa na joto, akaigusisha shavuni kidogo apate ubaridi wa kioo, kisha akairudisha juu ya karatasi zake. Nilitaka kumwambia ni mikono ya nani iliyoifunga. Nikasema asante, nikatoka. Wewe unanijua.

Nyumbani nilimwambia papa nitaacha shule. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniagiza nirudie, nikarudia.

"Hapana," akasema. "Nikipoteza mumoja, sitapoteza wawili."

Mama alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Hakuinuka. "Basi mimi nitaenda naye Basoko, kwa ndugu zangu," akasema.

"Na nani atanipikia?" Papa alidhani ni mzaha.

Mama alininyoshea mimi kidole, akaendelea kuchambua.

Imekuwa hivyo. Mtatoka kambini moja kwa moja mpaka kwenye meli ya Basoko, hamtapita hapa. Papa amekubali, yaani amenyamaza. Juzi nilimkuta amesimama uani, pale alipochomea vitu vyako, anasukuma majivu ya zamani kwa ncha ya kiatu. Usimchukie sasa. Mchukie baadaye, ukishapata nguvu, nami nitakusaidia.

Ndugu za mama wameambiwa kwamba unatoka kufanya kazi kwa masere na kwamba vidole uliviunguza kazini. Hilo si uongo, nawe useme hivyo hivyo. Najua inavyouma kusema ukweli ulio nusu kila siku mbele ya watu wanaokupa chakula.

Nami nitasoma. Sina kingine cha kukulipa kwa nafasi uliyoikosa nyumbani. Ninapofungua kitabu siku hizi naona kama nimekalia kiti chako.

Mama atakapofika atakushika mkono wa kuume, namjua, atasahau. Hutausikia mkono wake. Mtazame usoni, yaya, ujue kwamba amekushika.

Nenda salama na mto,

mdogo wako aliyebaki