Bibi Sukuma Ni Mama Yangu

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni, mama ananiita kutoka chumbani na mimi siitiki, kwa sababu nikiitika nitaingia, na nikiingia mkono utatafuta simu, na hiyo simu ndiyo iliyonifikisha hapa nakuomba msaada.

Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa mwisho, sina mume. Mama alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaani kwetu mpaka alipostaafu, mwanamke mkali, msafi, kola yake haikukosa pasi, na nusu ya watu ninaopishana nao njiani walipokelewa duniani kwa mikono yake. Kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo, mara aweke chumvi kwenye chai, mara aulize kama baba amerudi na baba tulishamzika, hadi ikawa haachiki peke yake, nikafunga kibanda changu cha ushonaji nikarudi nyumbani kumtunza, na kaka yangu, dereva wa malori, akaahidi atanishika mkono, lakini ahadi yake iliishia kwenye simu.

Siku moja nikamkuta mama amepiga magoti mbele ya kiti, amekunja mikono ya gauni, anakiambia, "Sukuma, mama, sukuma! Usinibanie mtoto!" Nilicheka, mshauri, si kwa ubaya, nilikuwa sijacheka muda mrefu, nikamrekodi nimtumie binamu yangu, binamu akasema weka mtandaoni na wengine wacheke, nikaweka, nikaenda kufua, kurudi nakuta simu inatetemeka mezani kama ina homa. Watu walishampachika jina, Bibi Sukuma. Wakataka nyingine, na nyingine, ukurasa ukakua, hela zikaanza kuingia, na sitakudanganya, zilikuwa hela za maana, nikamnunulia mama godoro lisilopitisha maji, nikamlipa daktari, nikaacha kukatakata mashuka mabovu kuwa nepi nikawa nanunua za dukani, tukala tukashiba. Mtaani wakaniita mjanja, eti nimejua kujitafutia mtandaoni.

Ubaya ni kwamba mama hachekeshi kila siku. Kuna siku anakaa tu anatazama ukuta, na watu wanaandika, "Bibi leo vipi, chaji imekata?" na watazamaji wakipungua malipo nayo yanapungua, ndipo nikaanza, Mungu anisamehe, kumchokoza. Najua akikosa viatu vyake anapandwa na hasira, basi nikawa navificha, ananitukana, anarusha vikombe, na mimi nimesimama mlangoni narekodi. Siku nyingine nikamwambia wagonjwa wanamsubiri na gari limemwacha. Akalia. Hiyo ya kulia ndiyo iliyotazamwa kuliko zote.

Kaka aliikuta kituo cha mafuta, dereva mwenzake alikuwa anaichekea, akamsogezea simu, "Hebu mwone huyu bibi." Kaka akanipigia papo hapo.

"Unamuuza mama?"

"Wewe unamnunulia nini?" nikamjibu, akakata, na hatujasemezana tena.

Hata hayo ningeyameza, lakini majuzi mama aliamka akili imetulia, hutokea mara chache, akaniita kwa jina langu, akaoga mwenyewe, tukakaa kibarazani namshonea kifungo, na mimi mjinga nikawa nimeacha ukurasa wazi kwenye simu kando yake. Akaichukua. Akajitazama mpaka mwisho, gauni la kulalia limemteleza begani, analia, anawatafuta wagonjwa wake. Hakujitambua. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya upole ya zahanati, "Huyu bibi hana watoto?"

Nikasema, "Anao, mama."

"Sasa mbona hawamfuniki?"

Sijaweka video tangu siku ile. Lakini dawa zinaisha, na mwenye kiwanda kimoja cha sabuni amenitafuta, anataka mama atangaze sabuni yake, tena amesisitiza awe na hasira, kwa kuwa ndivyo watu wanavyompenda. Nikikubali tutakaa vizuri kwa muda mrefu, nikikataa tunarudi kwenye mashuka mabovu. Na mama mwenyewe hakumbuki kitu, hata lile swali kesho yake alikuwa hana habari nalo. Kama yeye hajui, namkosea nani? Nishauri, dada yangu, kichwa kimejaa.

Fundi, mtoto wa mkunga


Mdogo wangu fundi,

Kwanza pole, na si pole ya mdomoni. Kumtunza mzazi aliyepotewa na akili ni kazi inayomla mtu akiwa mzima, na wewe umeibeba peke yako. Sikulaumu kwa kucheka siku ya kiti. Hata mimi ningecheka.

Nakulaumu kwa viatu. Siku uliyovificha hukuwa tena binti anayemuuguza mama yake, ulikuwa mwajiri anayemfanyisha kazi mgonjwa ambaye hajui kama yuko kazini. Unauliza unamkosea nani? Mama yako maisha yake yote aliona wanawake wakiwa uchi, wakilia, wakitukana kwa uchungu, kisha akatoka nje akafunga mdomo. Angetaka kuchekesha watu angekuwa na hadithi za kutosha. Hakusimulia hata moja. Na usinitangulizie nepi na godoro. Najua ni mahitaji ya kweli. Ila machozi ulimtoa kwa makusudi.

Sasa fanya hivi. Mtu wa sabuni mjibu leo, hapana, basi. Usimpe sababu, maana ukimpa atakaa kuijadili. Kisha futa video, anza na ya kulia. Ukurasa usiufunge. Andika wazi kwamba yule ni mama yako, ni mgonjwa, na hataonekana tena. Watakutukana, wengi wataondoka. Waache waende. Watakaobaki waonyeshe mikono yako wewe: unavyobadili zipu, unavyopunguza suruali, unavyokata gauni la mgonjwa asiyeweza kuinua mkono. Wanaouguza wazazi wamejaa mtandaoni na nguo za namna hiyo hawazipati dukani. Pokea oda kwa simu, shonea hapo nyumbani. Sikuahidi kwamba itakulipa kama alivyokulipa Bibi Sukuma. Haitakulipa hivyo, na mtakaza mkanda.

Kaka yako mpigie wewe, na msianze kutafuta nani kakosa zaidi. Mwambie dawa ni zake, kumwogesha ni kwako. Akianza kuzunguka maneno, mpelekee mama akae naye siku kadhaa, amlishe, amsafishe, atajua alichokuwa anakukaripia. Nenda pia zahanati alikofanya kazi, waambie hali yake ilivyo. Wapo waliofundishwa kazi na yeye. Kuomba mbele ya mtu anayemheshimu mama yako si aibu kubwa kuliko hayo uliyokwisha kuyafanya mbele ya wasiomjua.

Na hili hutalipenda. Hata ukifuta, watu walishazihifadhi. Zitaendelea kuzunguka, na huenda siku moja, mama hayupo tena duniani, mtu asiyekujua akakusogezea simu ili ucheke naye. Hilo siwezi kukuondolea, utaishi nalo. Mwombe mama msamaha. Ukimwomba leo akakusamehe, kesho hatakumbuka kwamba alikusamehe, itabidi ukumbuke peke yako. Mwombe hivyo hivyo.