Majani Mazuri ya Wandilup

Shamba la Coorabin,
Dowerlup,
Australia Magharibi.
12 Agosti 1956

Mwanangu mpendwa Lindsay,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mama yako. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha? Huko kwenye mabanda ya kukatia kondoo manyoya upepo unaingia kila upande, najua, usinidanganye. Vaa soksi nilizokufumia, hata jozi mbili kwa pamoja. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa.

Mvua imenyesha vizuri na ngano imefika magotini. Dada yako Nola ameoka keki ya matunda. Imeungua chini kidogo, ila usimwambie nimesema.

Sasa lile jambo lako. Barua yako imefika pamoja na mafungu mawili ya majani ya mikaratusi, fungu la shamba la Wandilup na fungu la Korbelin. Unasema serikali inayokupa shamba moja kati ya hayo inataka jibu kabla mwezi haujaisha, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma, nawe hujui udongo upi utakulisha. Mwanangu, tangu hapo hata chai hainipiti vizuri.

Nikuambie kweli, mimi nilitaka Wandilup hata kabla sijafungua bahasha. Wandilup ni jirani na mjomba wako Perce. Ukitoka na gari asubuhi, chakula cha mchana unakula kwangu. Korbelin ni treni, halafu treni nyingine, halafu Mungu anajua. Basi nilipoyamwaga majani mezani nilifurahi. Ya Wandilup ni mapana, ya mviringo, yana rangi ya buluu kama yamenyunyiziwa unga. Ya Korbelin membamba, hayana hata umbo la kutazama. Nikasema, majani manene, udongo mnene. Jioni hiyo nikakata kitambaa cha mapazia yako.

Baba yako akaingia na matope yake kwenye sakafu niliyotoka kuisugua. Akayaponda majani, akayanusa, moja akalitafuna kama mbuzi. Kisha akacheka.

"Mama Lindsay, mwanao katuchumia majani ya kitoto."

"Ya kitoto vipi? Hayo ndiyo yenye afya!"

"Machipukizi hayo. Mkaratusi mchanga huvaa majani ya mviringo, ukikua unayavua. Hapo pamepita moto, miti imechipuka upya kutoka chini. Ni ile ya vichaka, ya mchangani."

"Umeuona wapi huo mchanga, ndani ya bahasha?"

"Basi nenda nyuma ya zizi ukaangalie, mbishi wee!"

Nikaenda. Unanijua. Nikachukua jembe na Nola, tukapanda kile kilima cha mchanga alichokichoma baba yako mwaka jana. Lo! Majani yale yale, mapana, ya buluu, yametoka kwenye nundu kubwa kama kichwa cha ng'ombe iliyojificha mchangani. Na kwenye nundu hiyo hiyo limebaki shina moja ambalo moto haukulifikia, majani yake membamba. Mti mmoja, Lindsay! Nola akasema, "Mchanga hauna kitu, mama, ndiyo maana mti unaficha chakula chini kama shangazi Thelma na biskuti zake." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini nikateremka bondeni na majani ya Korbelin mkononi, kwenye udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania buti. Kule hakuna nundu wala vichaka. Inasimama ile mikaratusi mirefu ya gome la shaba, shina moja moja, maana hiyo mizizi yake huupenya udongo mgumu ule. Na ngano yetu nzuri yote iko pale tulipoikuta miti hiyo. Nikalinganisha majani. Niliomba yasifanane. Yakafanana, hata kung'aa kwake.

Nilivyorudi baba yako hakunicheka tena. Akasema, "Wandilup atavuna kuni, si ngano." Nikamjibu kuni nazo zinahitajika. Akaniwekea mkono begani: "Mama, anayetafuta shamba ni mtoto, si jiko lako."

Basi mwanangu, chukua Korbelin. Ila kwanza rudi uutazame mti mzima, toka chini mpaka juu, na uchimbe udongo wenyewe. Usichume tu yanayopendeza macho. Na ukitafuta mchumba ufanye hivyo hivyo.

Ukisafisha shamba, mti mmoja wa gome la shaba uuache karibu na mlango wa jikoni, nikishuka kwenye treni niuone kwa mbali nijue ni kwako. Na usiumwagie samadi ya kuku ukidhani unauhurumia. Umezoea shida zake.

Baba anakusalimu, anasema jibu upesi. Nola anakusalimu, na mjomba Perce, ambaye amenuna kidogo kwa kumkosa jirani. Shangazi Thelma anakutumia biskuti, amini usiamini. Mungu akutangulie katika kila jembe utakalopiga.

Mapazia nimeyamaliza. Nimeyakata marefu. Madirisha ya Korbelin uyajenge makubwa.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata kwa treni mbili,

Merle