Aliyecheka Kabla ya Maandishi

Takaoka, 14 Novemba 2004

Mdogo wangu Okpun,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba magoti hayakusumbui sana, maana tulipoachana ulikuwa umeshaanza kuyalalamikia. Mimi ni mzima wa mwili. Huku baridi imebisha hodi, na jana nilifunga matawi ya msonobari kwa kamba ili theluji isiyavunje. Mume wangu alifariki miaka mitano iliyopita, na mama yake alimtangulia. Sikukuarifu. Nimetumia anwani ya kibanda cha mama sokoni, kwa kuwa nakujua, hutakuwa umehama.

Utashangaa nikikwambia kilichonifanya nishike kalamu. Ni televisheni.

Bila shaka huko Osaka nako mnaiona ile tamthilia ya Kikorea, ya yule kijana anayetunza mnara wa taa. Wanawake wa huku wamepagawa. Kila Jumamosi mchana tunakusanyika kwangu, watano, kuizunguka meza ya kupashia miguu moto, tunakula chenza na kulia. Kiongozi wetu ni Bi Shigeno, mke wa fundi wa kengele za shaba. Ana umri wa miaka sitini na minne na ameweka picha ya yule kijana juu ya friji. Mumewe amemwambia, "Huyo akija kula, mimi nihame?" Akamjibu, "Ufunguo uache mlangoni."

Mwanzoni tulikuwa tukiisikiliza kwa sauti za Kijapani zilizobandikwa juu. Mwezi uliopita Bi Shigeno akapata kanda zenye sauti zao wenyewe, na tafsiri imeandikwa chini. Okpun, sikuwa nimejiandaa. Yumo mama mmoja muuza samaki, anaongea Kikorea kile kile cha Busan cha mama, anavuta maneno vile vile. Yule kijana akamletea maua, naye akayatazama akauliza, "Haya yanachemshwa, au mtu anayatafuna hivi hivi?" Nikacheka mpaka chenza likanitoka mdomoni. Maandishi yalikuwa bado hayajatokea. Wenzangu wote wakageuka wakanitazama mimi, wakaiacha skrini.

Nikawaambia nimekuwa nikijifunza kwa redio, maana hapa hakuna ajuaye kwamba mimi ni Mkorea. Bi Shigeno akapiga makofi, akasema, "Teruko, wewe hatari! Mimi mwaka mzima hata salamu sijaishika." Sasa wamenifanya mwalimu wao. Kila Jumamosi najikosesha makusudi ili nisijue mno. Wakishaondoka, narudisha ile kanda nyuma na kumsikiliza muuza samaki peke yangu. Nina hamu na mama. Nina hamu nayo lugha yenyewe, hata kama ni ya kugombezwa.

Sasa nina shida. Mwezi wa Aprili wenzangu wanakwenda Busan kuuona ule mnara wa taa, nami nimekubali. Bi Shigeno anataka pasipoti zetu mwisho wa Februari. Mimi sijawahi kuwa nayo. Mume wangu aliponipeleka Hawaii tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, nilisingizia jino, akaenda na kaka yake. Uraia sikubadilisha kamwe, kwa hiyo pasipoti itakuwa ile ya kijani, ya Korea, na ofisi ya ubalozi mdogo inataka hati ya ukoo wetu. Najua unayo wewe. Nakuomba nakala.

Dada yako,
Teruko


Osaka, 2 Desemba 2004

Kwa Bi Hirose Teruko,

Hujambo? Mimi sijambo. Magoti yanauma, ahsante kwa kuyaulizia baada ya miaka ishirini na moja. Pole kwa msiba wa mumeo. Mama mkwe wako Mungu amlaze anapostahili.

Tamthilia yako naijua. Soko letu siku hizi halipitiki. Wanawake wa Kijapani waliokuwa wakipita hapa wameziba pua leo wanapanga foleni, wanataka kabichi yetu ya pilipili na soksi zenye sura ya yule kijana. Nawauzia, kwani nina ugomvi na soksi? Wiki jana mmoja alinishika mkono huku machozi yakimlengalenga, akaniambia, "Laiti ningezaliwa Mkorea." Nilitaka kumwambia, kaa hapa kwenye kigoda, mimi nikapumzike kidogo.

Lakini wewe! Mkataa kwao ni mtumwa, na wewe hukulazimishwa, ulijipeleka mwenyewe. Siku ya mazishi ya mama nilikuona. Ulipanga foleni pamoja na majirani, ukainama, ukaondoka chai haijaletwa. Usiku nikafungua daftari la rambirambi nikakuta umeandika kwa mwandiko mzuri: "Hirose, mteja." Mteja! Mama alikuuzia nini wewe? Maziwa aliyokunyonyesha? Lile daftari ninalo hadi leo. Kila nikihama chumba nasema nitalitupa, halafu silitupi.

Tulikaa kimya miaka yote hiyo, na sasa unaniandikia kwa sababu ya mwanamume wa kwenye kioo.

Hati ya ukoo ninayo. Nimeifungua jana usiku. Yumo baba, yumo mama, yumo Malsun, yumo Okpun. Teruko hayumo. Siwezi kumpelekea hati mtu ambaye hayumo.

Okpun, muuza kabichi


Takaoka, 23 Januari 2005

Mdogo wangu Okpun,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Theluji imefika dirishani na sijatoka siku tatu. Sina ugonjwa wowote ila barua yako. Nimekuandikia majibu manne nikayachana yote.

Yote uliyosema ni kweli. Siku ile ya mazishi mama mkwe, ambaye hakutaka watu wajue kwetu, alinisindikiza mpaka Osaka, na nilipokabidhiwa kalamu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu anaitazama ncha yake. Si udhuru huo. Mkono ulikuwa wangu.

Lakini kuna jambo hulijui, kwa sababu mama aliniapisha. Wewe mchana ulikuwa kwenye kiwanda cha viatu. Kila nilipofika Osaka na mume wangu, mara mbili, tatu kwa mwaka, nilimwambia naenda kununua vitambaa, nikaja sokoni. Nilisimama mbele ya kibanda kama mteja yeyote, nikaomba kabichi moja. Mama alinifungia. Siku zote aliongeza kipande kimoja juu, akanitazama kidogo kupita kiasi, akasema kwa sauti ya biashara, "Karibu tena, bibi." Nami nikainama nikaondoka. Mara ya kwanza nilitaka kumwita mama. Akaniwahi kwa Kikorea, taratibu, huku akipanga mifuko, "Una nyumba sasa. Usiivunje kwa ajili ya kabichi." Tulifanya hivyo miaka kumi na mitatu. Ile kabichi sikuweza kuifikisha nyumbani kwa sababu ya harufu. Niliila stesheni, nimesimama, kipande kwa kipande, kisha nikasukutua mdomo.

Kwa hiyo kalamu iliponifikia sikujua niandike nini. Nilikuwa mteja wake, Okpun. Ndiyo nafasi pekee niliyobaki nayo kwake.

Baba alinipa jina lenye maana ya msichana wa mwisho, akitumaini baada yangu atapata mvulana, halafu ukaja wewe. Ulinicheka utoto wote kwa hilo. Tangu mama afe hakuna mtu aliye hai anayeniita jina hilo. Kile kilichonitoa machozi kwenye kanda za Bi Shigeno si yule kijana, naye ni mzuri, sikatai. Yule muuza samaki alimwita binti yake aingie ndani kwa kuwa mvua inakuja, na mimi nikainuka nusu kutoka kwenye zulia.

Kama hutaki kunipa hati, basi. Barua tu ijibu.

Dada yako,
Malsun


Osaka, 3 Februari 2005

Shikamoo dada Malsun,

Mimi mzima. Natumaini theluji imekuachia mlango.

Hati iko ndani ya bahasha hii. Nimekwenda kuipigisha mhuri mimi mwenyewe, kwa hiyo usiseme sikufanya kitu.

Sikujua. Jioni nikitoka kiwandani nilikuwa nikimgombeza mama kwamba anagawa mali bure, kabichi hazilingani na hesabu. Akawa ananijibu, "Yuko mteja mmoja anatoka mbali." Mara zote jibu hilo hilo. Nilidhani ni ajuza fulani kamhurumia. Nimelia mbele ya wateja, na mwanamke mmoja mwenye soksi mkononi akaanza kulia nami, akidhani ni kwa ajili ya tamthilia. Nikamwachia alie.

Daftari nimelirudisha kabatini. Sasa najua kwa nini sikulitupa.

Lakini dada, fikiri vizuri. Mimi nimewahi kufika Busan, nilipopeleka majivu ya mama. Mkishuka kwenye ndege kuna foleni mbili, ya wageni na ya wenyeji. Bi Shigeno na wenzake watakwenda ya wageni. Wewe mwenye pasipoti ya kijani utaelekezwa ya wenyeji, peke yako, mbele ya macho yao. Huko hakuna cha redio wala jino. Na hata kabla ya huko, siku utakapompa Bi Shigeno hiyo pasipoti ndiyo siku atakapojua. Una marafiki wanne tu na televisheni. Sitakulaumu ukibaki nyumbani. Zamani ningekulaumu.

Mdogo wako,
Okpun


Takaoka, 21 Machi 2005

Mdogo wangu Okpun,

Salamu. Nimekaa kimya sana, nisamehe. Magoti vipi? Huku theluji imeyeyuka na nimefungua kamba za msonobari.

Pasipoti ilitoka. Jumamosi ya tarehe 26 Februari, kanda ilipoisha na tumeshapangusa machozi, Bi Shigeno akasema, "Haya mabibi, leteni." Wakaweka zao mezani, nyekundu nne. Nikaweka yangu juu ya meza, katikati ya maganda ya chenza. Kisha nikaukalia mkono.

Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana. Bi Asai, mmoja wa wale wanne, alisema, "Aa, kumbe," akaanza kutafuta mkoba wake. Mwingine akauliza kama mvua imeanza, na jua linawaka. Bi Shigeno alizikusanya zote, akaifunga ya kijani kwenye kitambaa pamoja na zile nyingine, akainama, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilipanga vikombe vitano, nikamenya chenza. Hakuna aliyekuja. Iliyofuata pia. Bi Asai alipiga simu kusema mgongo unamsumbua na safari ameiacha, na mwenzetu mwingine pia. Nilikaa mbele ya televisheni iliyozimwa nikajiona mjinga wa miaka sitini. Miaka thelathini na tano nimewapikia, nimewazika wazazi wao, na yote hayo yameliwa na kijitabu kimoja cha kijani. Nilikukasirikia hata wewe kwa kunipa ile hati.

Juzi, Jumamosi ya tatu, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Shigeno, peke yake, na mfuko wa kanda. Hakuomba radhi, nami sikudai. Aliweka kanda akaipeleka mbele mpaka kwa muuza samaki na yale maua, akaisimamisha. Akaniambia, "Mimi nimechunguza. Huyu mama anaongea sana, lakini maandishi yake ni mstari mmoja tu. Miezi yote hii tunaibiwa. Anasema nini hasa?"

Nikamwambia. Nikamweleza neno kwa neno, na matusi pia, na jinsi mama yangu alivyokuwa akiyasema sokoni. Akacheka mpaka akashika mbavu. Tukarudia onyesho lile mara sita. Mwishowe akafuta macho akasema, "Siku ile ulipocheka kabla yetu nilijua. Redio haimfundishi mtu kucheka. Nilikuwa nangoja uniambie, halafu uliponiambia nikaogopa. Sijui niliogopa nini." Kisha akatoa pasipoti yangu, akalisoma jina, akauliza hutamkwaje. Nikamfundisha. Akalitamka likatoka limepinda vibaya, kama msumari uliokosewa na nyundo. Nilifurahi hivyo hivyo.

Lakini Okpun, sasa nimeonja, nataka kulisikia limenyooka.

Tutasafiri watatu: mimi, Bi Shigeno, na mwenzetu mmoja aliyetuma ujumbe kwamba anakuja lakini ana aibu. Basi letu litafika uwanja wa ndege wa Kansai tarehe 16 Aprili saa nne asubuhi, na ndege ya Busan ni ya saa saba mchana. Si mbali na kwako. Sikuombi zawadi, wala hata hiyo kabichi, ingawa ukija nayo nitaila hapo hapo mbele ya watu na sitasukutua. Nakuomba usimame mlangoni, na ukiniona nashuka, uniite. Usiite dada, dada wako wengi pale. Niite jina langu, kwa sauti ya sokoni, Bi Shigeno asikie.

Dada yako,
Malsun


Osaka, 29 Machi 2005

Dada Malsun, shikamoo,

Tarehe 16 kibanda kitafungwa. Foleni ya wenyeji hutasimama peke yako, nimeshakata tiketi ya ndege hiyo hiyo.

Nimeanza mazoezi, maana jina hilo sijalitoa kwa sauti tangu mwaka ule wa mazishi ya mama. Leo asubuhi, kabla soko halijajaa, nililiita kwa nguvu zangu zote. Muuza samaki wa jirani akatoka na kisu mkononi, akauliza, "Unamwita nani huyo, mteja?"

Nikamwambia, "Dada yangu. Anatoka mbali."

Mdogo wako,
Okpun