Usikubali Wanizike Upesi

Kwako Dada Sobi, uliyenilea,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa yote ina baridi. Je, kifua chako kimetulia? Kile kikohozi cha kila majira ya theluji kimekuachia usingizi mwaka huu? Na paa la zizi, wamelirekebisha, au bado unalikandamiza kwa mawe? Mimi mwili ni mzima na meno yote yapo. Ila nimechoka, dada, uchovu ambao kulala hakuutoi.

Aliyekuletea barua hii ni mwanao Uduri. Mkalishe jikoni karibu na moto, na tafadhali usimwulize neno mpaka yule jirani yako mjane, wa watu wa Han, anayejua kusoma, akumalizie barua. Mwandiko ni wangu mwenyewe, ndiyo maana umepinda. Nilijifunza kuandika sokoni, mgongoni mwa farasi niliokuwa nawauza, si kwenye mikeka ya jumba la kifalme.

Habari za huku ni zilezile. Huu ni mwaka wa pili mbingu zimefunga. Mtama uliota kama ndevu za kijana, kisha ukakauka ukiwa hivyohivyo. Maharage hayakutoa hata ua. Na kwa kuwa hapa Buyeo mvua isiponyesha mwenye kosa ni mfalme, basi mwenye kosa ni mimi. Dada, wewe unajua nilichofuga. Nilianza na farasi jike mmoja kilema uliyenipa wewe, tukamkanda mguu kwa majivu ya moto, na kutoka kwake likatokea kundi la kujaza bonde. Nilimjua kila mmoja kwa mlio wa kwato zake. Lakini mvua sijawahi kuifuga, na hakuna aliyeniuliza habari za mvua siku waliponivika taji. Wale wakuu wanne, wenye vyeo vya majina ya wanyama, walinichagua kwa sababu sina ukoo mkubwa wa kuja kunilipizia kisasi. Walipiga hesabu vizuri. Hesabu nzuri naijua nikiiona, hata ikiwa inanihesabu mimi.

Juzi nilipita sokoni, na muuza vyungu mmoja, mama mtu mzima, akageuza chungu chake juu chini. Akawaambia wenzake kwa sauti ya kunifikia, "Haya, Mkavu wetu huyo anapita! Funikeni visima, asije akavinywa kwa macho." Watu wakacheka. Walinzi wangu wakacheka. Nami nikacheka, maana mzaha ulikuwa mzuri. Kisha nikaona mikono ya yule mama, ngozi na mfupa, kicheko kikaniisha.

Nafaka ya ghala langu niliipima mwenyewe, maana nikimtuma mtu hunirudishia maneno ya kunifurahisha. Bakuli moja kwa mtu kwa siku, bila sherehe, bila kumlisha farasi hata mmoja, itakwisha theluji ikiwa bado iko magotini. Bwana Farasi na Bwana Ng'ombe, wawili kati ya wale wakuu, hawana kitu. Kwao hata mbegu zimeliwa. Ghala lililojaa ni la Bwana Nguruwe, ambaye bonde lake lina mto usiokauka. Nilimwomba afungue. Akaapa kwa mababu zake kwamba ndani mna vumbi tu na popo. Nikamuuliza mbona paka wake wamenenepa hivyo, panya wao wanakula vumbi? Akasema, "Mfalme wangu, paka wa kwetu ni wa ukoo bora." Nguvu ya kumlazimisha sina. Askari nilio nao ni watoto wao hao wakuu, kila mmoja anamtazama baba yake kabla ya kunitazama mimi.

Basi baraza likaketi, siku ya kwanza ya ngoma za mwezi wa kumi na mbili. Walichinja ng'ombe kutazama kwato, nayo ikawa imefumba, ishara ya heri. Bwana Farasi hakuridhika, akataka ng'ombe wa pili. Nikawaambia kwamba tukichinja mpaka tupate kwato ya kuwapendeza, mwakani jembe la ng'ombe tutalivuta wenyewe. Wakachinja. Ya pili ikapasuka kama komamanga.

Hapo likaja lile swali la zamani: mfalme wa ukame avuliwe taji arudi kwao, au auawe? Bwana Farasi alisema niuawe, na hakusema kwa chuki. Amezika wajukuu wawili mwezi uliopita, na mtu wa namna hiyo lazima apate wa kumlaumu. Bwana Ng'ombe akasema vivyo hivyo huku akitazama viatu vyake. Bwana Nguruwe ndiye aliyelia. Dada, ungemwona! Alinitetea kwa machozi na makamasi. Akasema, "Mwacheni mwenzetu akafuge! Kosa lake nini? Kila tukipanda farasi tutamkumbuka." Akabaki Bwana Mbwa, mdogo wa wote, ambaye ni Uduri wako, niliyempa cheo hicho kilipobaki wazi. Wakilingana wawili kwa wawili, mfalme huvuliwa taji tu akaenda zake. Kila mtu barazani alijua mpwa wangu atasema nini. Mimi nilikuwa nimeshaliona lango lako, nimeshasikia harufu ya supu yako ya maharage.

Uduri alisimama, akasema niuawe.

Kelele zilizotokea sikuzielewa zote. Mtu alimtemea mate. Mwingine akasema mbwa humlinda anayemlisha, huyu ni wa aina gani. Uduri aliketi akakunja mikono, na mpaka leo asubuhi sijamwona akitia kitu kinywani.

Sasa, dada, kaza moyo. Neno alilolisema Uduri nilimpa mimi.

Unakumbuka ukame wa utoto wetu? Mimi nilikuwa sijui hata kukaa juu ya farasi. Wazazi walikuwa wameshakwenda. Wewe ulinibeba mgongoni mpaka mji mkuu kwa sababu ulisikia kwamba mfalme ameuawa na kuna uji. Kwenye lango tulimlilia kwa sauti kubwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona, na kila tulipolia walitupatia bakuli la uji. Nilidhani ule ndio ufalme: mfalme alale kimya ili watoto wapate kula. Tulilia pale mpaka nyasi zikaota, tukarudi nyumbani tukiwa na mashavu.

Desturi haijabadilika. Mfalme aliyevuliwa taji hupewa blanketi na njia. Mfalme aliyekufa huombolezwa hadi miezi mitano, na muda wote ambao hajazikwa kila mkuu lazima ampikie yeyote anayekuja kulia. Mkuu atakayefunga ghala lake mbele ya maiti hupoteza cheo, yeye na wanawe. Bwana Nguruwe anaijua sheria hiyo kuliko wote. Ndiyo maana alinililia nikiwa hai.

Miezi mitano kutoka sasa, shayiri ya kwanza itakuwa imeiva. Nimeipiga hesabu hiyo kutoka kila upande, nikitafuta kosa. Nilitamani sana nilipate.

Siku moja kabla ya baraza nilimwita Uduri zizini, nikamweleza huku tukimsugua farasi. Alikataa. Alinitukana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwisho akaniuliza, "Mjomba, mama nitamwambia nini?" Nikamwambia, mama niachie mimi.

Kwa hiyo ninakuomba mambo machache. Nimewaapisha wakuu wote wanne kwamba hakuna mtumishi atakayezikwa pamoja nami; wakijaribu, piga kelele. Yule farasi jike mweupe ana mimba, asipewe mtu wa kumwendesha mbio. Na kwa kuwa sina mke wala mtoto, mfiwa mkuu ni wewe. Njoo huku na Uduri. Watakuja kukuhimiza ukubali nizikwe, ndiyo heshima yenyewe, watu wahimize na mfiwa akatae. Bwana Nguruwe atahimiza kuliko wote. Atakuambia marehemu anataka kupumzika. Kataa. Kikohozi kikikubana, kataa kwa kichwa. Barafu itanitunza, na barafu ikiyeyuka wataleta nyingine kutoka milimani. Kila siku utakayokataa, kuna mtoto mgongoni mwa dada yake atakayepewa bakuli.

Wasalimie majirani wote, na yule mjane anayekusomea, ambaye sasa nadhani amesimama kidogo apanguse macho. Mwambie mwandiko wangu ni mbaya lakini nimekaribia mwisho.

Utakapofika hapa ngoma zitakuwa zimenyamaza, na wafungwa, ambao kila sikukuu huachiliwa, watakuwa wamefunguliwa na kwenda makwao. Nimefurahi kwa ajili yao.

Nenda jikoni sasa, dada. Mwanao ana njaa. Mpe supu, umpe na ile sehemu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Maruk, mfugaji wa farasi