Ufa Kwenye Bwela la Bi Mdogo

Nyumba za Karakana, Na. 6,
14 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani huko mbali? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Nyumba imekuwa kubwa tangu wifi yako atutoke. Bado mkono wangu unapika chakula cha watu wawili, kesho yake nala kiporo.

Unakikumbuka kile kichwa cha treni cha mvuke, kidogo cha reli nyembamba, tulichokiita Bi Mdogo? Wifi yako alikuwa akisema huyo ndiye mke mwenza pekee aliyemvumilia, maana alinirudisha nyumbani nimechoka, sina hata macho ya kutazama mwingine.

Alivuta magogo kutoka msituni miaka arobaini. Kisha barabara ikajengwa, malori yakaja, naye akaachwa majanini aote kutu. Mwaka juzi watu wa makumbusho waliamua kumfufua, wakanitafuta, kwa kuwa mafundi wenzangu wote wameshatangulia. Mwaka mzima na nusu nikawa na pa kwenda kila asubuhi. Nilisugua kutu, nikabadilisha mabomba, nikapaka rangi. Niseme kweli, nilikuwa na furaha.

Mwezi uliopita akaja mkaguzi. Aligongagonga bwela, lile pipa la chuma linalochemsha maji, akapima, akaridhika. Alikuwa ameshafungua kalamu atie saini tuwashe moto.

Mdogo wangu, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ndani ya tanuri, nyuma ya matofali, kuna kiraka nilichokichomelea juu ya ufa wa bwela miaka thelathini iliyopita, bosi akituharakisha. Nilitamani kunyamaza. Nimsikie Bi Mdogo akipumua siku moja tu. Lakini siku hiyo mabehewa yangejaa watoto wa shule.

Nikamwambia mkaguzi, "Usitie saini. Toa matofali kwanza."

Walipoyatoa, ufa ulikuwa umetambaa kupita kiraka, urefu wa mkono wangu. Mkaguzi alinishika bega, akaifunga kalamu yake. Ikaamuliwa Bi Mdogo asimame tu, atazamwe, asiwashwe kamwe. Na kazi yangu ikaishia hapo.

Sijutii. Ila alfajiri bado nakurupuka, navaa viatu vya kazi, nafunga kamba, ndipo nakumbuka.

Jumamosi walifungua maonyesho. Msichana wa mlangoni hakunijua, nikapanga foleni kama mgeni. Bi Mdogo anang'aa, amezungushiwa kamba. Mama mmoja kando yangu akauliza kama dude hili liliwahi kutembea kweli.

Nikamjibu, "Alitembea, mama. Alitembea sana."

Akanitazama kidogo, kisha akawafuata wenzake.

Nisalimie shemeji na wapwa wote, hasa Kipilipili aliyeniandikia barua yake ya kwanza. Mwambie mjomba amezisoma herufi zake zote, hata zile alizozipindua. Mungu awatunze, asikose kukupa mtu wa kula naye.

Ni mimi nikupendaye daima,
Kaka yako.